Kwa Swalihu, Chini ya Reli

Bwana Swalihu Mgeni, msimamizi wa vibarua katika idara yetu ya ujenzi hapa Dodoma, anastaafu tarehe 30 Juni 1998 baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa. Kazi ya kumwandikia wasifu nimepewa mimi Tumsifu, mchora ramani, ingawa ofisi nzima inajua jinsi ninavyomwonea wivu.

Alianza kama kibarua wa kuchimba mitaro, akapanda cheo taratibu. Kazi iliyompa jina ni njia ya chini ya reli. Serikali iliporuhusu biashara huria, malori na pikapu zilijaa mjini, na kila treni ilipopita, njia panda yote ilikwama. Njia hiyo niliichora mimi: mteremko, kuta na mifereji ya mvua.

Mama lishe waliokuwa pale walikataa kuhama. Nilikwenda na kipaza sauti mara mbili, wakaendelea kupepea majiko yao. Swalihu hakwenda na kitu. Alikula kwao kila mchana, akauliza hali za watoto, akalalamikia chumvi, kisha akawaomba wakawapikie vibarua wake ndani ya uzio wa kambi yao. Wakahama wenyewe, mabenchi vichwani. Ujenzi ukaanza, na tangu siku ya ufunguzi mji mzima unapaita Kwa Swalihu. Hata mke wangu Edina huwaelekeza wageni washukie Kwa Swalihu. Inaniuma sana.

Mwezi huu imeamuliwa pawekwe kibao cha jina, nami nikaachiwa nipendekeze. Nilikwisha kulipata: Njia ya Tumsifu. Jumamosi nikaenda kuchagua mahali pa kukisimika. Bi Mwanasha, mmoja wa mama lishe wa siku zile, alinikaribisha chai, akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia ndimi niliyeichora njia hii. Akaitikia vizuri tu, akaendelea kukaanga maandazi. Nikaongeza kwamba nafanya kazi na Swalihu. Papo hapo akanifutia benchi, akaniongezea chai na kukataa pesa yangu.

Jumatatu nilipeleka jina la Swalihu.

Mzee wetu, asante kwa yote. Nenda Kondoa ukapumzike na mkeo, Bi Salha. Tunakuombea afya njema na miaka mingi ya raha. Ila kibao kinasimikwa Ijumaa. Tafadhali uje usimame karibu yangu, watu wapate kunijua na mimi.