Fizi za Mwashi

Ndani ya basi, fundi viatu aliyekaa nyuma ya mwashi na muuza vitambaa alisikia kila neno, maana mwashi yule hakujua kunong'ona. "Madaktari wa meno wakikwangua ugaga chini ya fizi, meno yatang'oka. Mimi najenga, dada. Ukitoa saruji, ukuta huna."

"Ile si saruji kaka, ni uchafu," akasema muuza vitambaa. "Unachomwa sindano ya ganzi, wanakwangua upande mmoja, siku nyingine wa pili. Maji baridi yatakusumbua kidogo, basi, na damu ya fizi inakoma. Mimi huku kulia natafuna mpaka mfupa."

Fundi viatu akajipapasa fizi kwa ulimi.

"Na kushoto?" akauliza mwashi.

Muuza vitambaa akageukia dirishani, akifunika shavu la kushoto kwa kiganja. Basi likasimama mbele ya kliniki ya meno. Mwashi akainuka, akampisha.

"Tangulia, dada. Wewe ndiye unayeijua njia."