Seremala Aliyesimama Getini

Sogeeni karibu na redio, wasikilizaji wapendwa, na anayekoroga chai aikoroge taratibu. Leo tunamkumbuka Seremala. Jina lake la ubatizo limo kwenye daftari la kanisa. Watu wote walimwita Seremala, hata mke wake. Amefariki akiwa na miaka sitini na mitatu. Moyo ulichoka. Nami niwaambie ukweli, nilipopata habari hii nilihisi kama uchovu wake umenihamia.

Seremala alifungwa miaka kumi na mmoja. Narudia, miaka kumi na mmoja, kwa kosa alilolitenda, na hakuwahi kulikana. Alimpiga mtu kwenye ugomvi, mtu akafa. Watu walipomsifu baadaye, aliwakata kauli. "Msinipambe," alisema. "Mimi nimeua."

Siku aliyotoka, hakuna aliyekuja kumpokea. Kaka yake mkubwa, dereva wa lori, alikuwa ameahidi. Seremala akasimama nje ya geti la gereza na mfuko wa plastiki mkononi, tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri. Mbele yake barabara kubwa. Ng'ambo, kituo cha basi. Mtu mzima, mabega kama kabati, akashindwa kuvuka. Alikuwa amesahau mwendo wa magari. Mwishowe mama mmoja muuza matunda alimshika mkono akamvusha, huku akimsema: "Twende baba, au unangoja yasimame yakuamkie?"

Nilimwuliza kaka yake kwa nini hakwenda. "Gari lilikuwa zima," akasema. "Mafuta yalikuwepo. Niliona aibu, basi."

Jumapili iliyofuata Seremala aliingia kanisani. Ibada ikiendelea, mhudumu akapita katikati ya mabenchi akihesabu waumini kwa kidole. Seremala akachuchumaa. Kichwa chini, mikono juu ya magoti, kama walivyohesabiwa gerezani asubuhi na jioni. Watu wakacheka. Nyuma yake alikaa fundi cherehani mmoja, mwanamke mwenye maneno machache, na yeye hakucheka. "Nilimgusa bega," anakumbuka. "Nikamwambia, kaka, inuka ukae. Hapa tunahesabiwa tukiwa tumekaa." Ndiye aliyekuja kuwa mke wake. Leo ni mjane wake.

Kutokana na aibu ile, Seremala aliomba chumba cha nyuma ya kanisa. Akatengeneza mabenchi manne. Kila Alhamisi jioni, wanaume waliotoka gerezani walikutana humo. Walisoma Neno, wakanywa chai, wakaambiana nani amepata kibarua na nani amefungiwa mlango. Hakuna aliyehesabiwa. Katibu wa kanisa alipotaka idadi yao kwa ajili ya ripoti, Seremala alimjibu, "Andika kwamba wamo." Sala yake ya kufunga ilikuwa ile ile kila wiki: "Bwana, tumechoka. Tushike. Amina."

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa getini. Mchungaji wa gereza alimpa habari kila mtu alipokaribia kutoka, na Seremala akaenda kumpokea. Miaka kumi na minane, wasikilizaji. Miaka kumi na minane ya kuamka mapema, magoti yakiuma, kwenda kusimama pale pale alipoachwa. Kisha akamshika mwanamume mwenzake mkono, wakavuka barabara. Madereva waliwapigia honi na kuwacheka. Yeye aliwapungia.

Msidhani wote walinyooka. Mmoja alilala kwenye karakana ya Seremala wiki tatu, akala naye meza moja, kisha akatoweka na msumeno wa umeme. Mtaa ukasema, jasiri haachi asili. Wazee wa kanisa wakataka kukifunga chumba. Seremala aliwasikiliza hadi mwisho. "Mmoja ameiba," akasema. "Wengine saa hizi wako kazini. Hao mbona hamwaulizii?" Chumba hakikufungwa, ila maneno ya wazee yalimmaliza.

Mjane anasimulia: "Alirudi akaketi kitandani na viatu miguuni. Akaniambia, mama, nimechoka, siendi tena getini. Nikasema sawa, pumzika. Kesho yake asubuhi namwona anafunga kamba za viatu. Nikamwuliza, si ulisema huendi? Akasema, naenda kumwambia yule wa leo kwamba siji tena."

Seremala alifariki Jumamosi. Mazishi yakapangwa Jumanne, saa nne asubuhi. Na Jumanne hiyo hiyo, kulikuwa na mtu anatoka gerezani. Wanaume wa Alhamisi walijua, lakini wao ndio waliokuwa wabebe jeneza. Wakasimama mlangoni kwa mjane, wakisukumana nani aseme.

"Mnanitazama nini?" mjane akawauliza. "Nendeni."

"Na mazishi, mama?"

"Huyu wangu hana haraka tena. Yule akikosa mtu pale nje, jioni atakuwa amerudi kwa wale wale waliomponza."

Wakaenda wawili. Waombolezaji wakangoja juani kwa muda wa karibu saa mbili nzima. Mchungaji alitazama saa yake. Kaka mkubwa alinung'unika kwamba maiti haiwekwi hivi, kisha akanyamaza mwenyewe. Hatimaye wale wawili wakatokea, na kati yao mgeni, shati lake likiwa na mikunjo ya kukaa stoo miaka mingi. Akasimama ukingoni mwa kaburi, akamnong'oneza aliye karibu: "Marehemu ni nani?"

Akajibiwa, "Ni mtu aliyekuwa aje kukupokea."

Yule mgeni akaomba koleo. Wakajaribu kupokezana naye, kama ilivyo ada. Hakuliachia mpaka kaburi lilipojaa.

Mama fundi, pole sana. Kaka mkubwa, pole nawe, na ninajua ni pole ya mambo mawili. Wanaume wa Alhamisi, poleni. Mungu awape nguvu ya kuamka mapema. Nasi wengine, wasikilizaji wapendwa, wengi wetu tuna ndugu aliye mahali tunapoona aibu kupataja. Siku yake ya kutoka ipo, imeandikwa. Kila mmoja amwulize Mungu, na ajiulize mwenyewe, asubuhi hiyo atakuwa wapi.