Uzi wa Buluu Ndani ya Kola

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake marehemu, pamoja nanyi wa makanisa mawili ambao tangu asubuhi mmekaa Wakatoliki kulia kwa turubai na Waprotestanti kushoto bila kupangwa na mtu, familia imemteua mdogo wake wa kiume, mtu pekee aliyebaki wa nyumba ya baba yao, awasomee historia ya dada yake, naye anaomba radhi mapema kwamba karatasi iliyopitishwa na kamati ameiacha mezani, na hii anayoisoma aliiandika mwenyewe.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kola, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya mchungaji, ile ya mabati mekundu nyuma ya kanisa la Kiprotestanti, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili, akabatizwa na baba yake mwenyewe wiki sita baadaye huku akipiga mateke mpaka maji yakamwagikia viatu vya mzee wa kanisa. Nyumba za misheni zilikuwa saba na kamba ya kuanikia nguo ilikuwa moja, kwa hiyo mama yao, aliyekuwa mshonaji, alitia mshono mmoja wa uzi wa buluu ndani ya kola ya kila nguo ya familia yake ili isipotelee kwenye kapu la jirani, na marehemu aliujua mshono huo kabla hajajua kusoma. Nguo yenye uzi wa buluu ilikuwa ya kwao, isiyo nao ilikuwa ya watu.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia Januari 1958 hadi 1964, mwaka ambao mama yao alifariki, tarehe 30 Septemba, akimwacha binti wa miaka kumi na mitatu na mvulana wa miaka sita, na tangu siku hiyo marehemu ndiye aliyempikia mdogo wake, akamkata kucha, akamshonea kaptula kwa pazia la zamani, maua yote yakiangukia makalioni, na waliomcheka aliwafuata hadi kwao na mwiko mkononi. Kuanzia Januari 1967 hadi Novemba 1969 alisoma ushonaji katika chuo cha masista wa Kikatoliki, kwa kuwa ndicho pekee mjini kilichokuwa na vyerehani vya kutosha, na baba yao, ambaye hakuwahi kukanyaga upande ule wa barabara, alimruhusu kwa sharti moja, akisema, "Jifunze cherehani, rozari waachie wenyewe." Cherehani alijifunza, na rozari aliwaachia wenyewe mpaka kufa kwake, jambo ambalo watu wa upande wa kushoto hapa hawajaliamini hadi leo.

Tarehe 1 Februari 1971 alifungua kazi yake katika chumba kimoja kwenye mtaa wa stesheni, akiwa na cherehani cha kukanyaga, meza ya kukatia, pasi ya mkaa na benchi moja la wateja, na kwa sababu kola zake zilikaa shingoni bila kupinda hata baada ya miaka ya kufuliwa, jina likapatikana. Mapadre walikuja kupimwa kanzu, wanakwaya wa Kiprotestanti walikuja kupimwa majoho, na waliokutana kwenye lile benchi waliulizana habari za mvua, kisha kila mmoja kwa zamu yake akamwinamia fundi na kumnong'oneza kama kitambaa cha wale wengine si kizuri kuliko chao. Aliwajibu wote kwamba ni jora moja, na wote waliondoka wamenuna.

Kwa ukuta wa chumba hicho alipakana na fundi saa, kijana Mkatoliki, mpole, ambaye pamoja na saa zote zilizomzunguka hakuwahi kufika mahali popote kwa wakati, na walifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 2 Juni 1973 katika parokia ya mumewe, bwana harusi akichelewa dakika arobaini. Siku iliyofuata baba yao alipanda mimbarini, akafungua daftari la washarika, akasoma jina la binti yake, akalikata kwa wino mbele ya kanisa zima, kisha akatangaza wimbo unaofuata. Mdogo wake alikuwa na miaka kumi na mitano, alikuwa kwenye kwaya, safu ya pili, na aliimba beti zote nne.

Marehemu na mumewe walijaliwa watoto watatu, waliozaliwa tarehe 19 Aprili 1974, tarehe 7 Oktoba 1977 na tarehe 25 Mei 1981, wote wakabatizwa Wakatoliki kama ilivyoahidiwa siku ya ndoa, wote wakapokea komunyo ya kwanza katika nguo nyeupe alizowashonea, naye akiwatazama kutoka benchi la mwisho karibu na mlango, alikokaa kila Jumapili kwa miaka arobaini na mitano bila kupokea, kwa maana Wakatoliki walimwona Mprotestanti na Waprotestanti walimwona Mkatoliki. Alipoulizwa yeye ni wa wapi alijibu kwamba yeye ni wa mtaa wa stesheni. Katika miaka yote hiyo alikutana na baba yake uso kwa uso mara moja tu, mwaka 1979, mlangoni pa posta, mzee akamvulia kofia kama anavyomvulia mwanamke yeyote, akapita. Marehemu alirudi dukani akashona mpaka jioni, na suruali ya mteja siku hiyo ilitoka na mguu mmoja mfupi.

Mwaka 1986 joho la mchungaji, baba yao, lilikuwa limechakaa, na baraza la wazee likampa kazi katibu wake, ambaye kwa wakati huo alikuwa ni mdogo wake marehemu, atafute fundi, naye kwa kuwa hakukuwa na fundi mwingine mjini anayeweza kola ile, alipeleka vipimo mtaa wa stesheni kwa mlango wa nyuma, bila jina. Marehemu aliisoma karatasi, kifua, bega, urefu wa mkono wa kulia uliozidi ule wa kushoto, akasema, "Amekonda." Joho lilikabidhiwa tarehe 12 Desemba 1986, mzee akaambiwa limeshonwa na fundi wa mbali, akaligeuza, akaichungulia kola kwa ndani muda mrefu, akalivaa, na kwa miaka kumi na miwili aliwabatiza, akawaozesha na kuwazika watu wake ndani ya joho hilo, na lilipoletwa wazo la kununua jipya alikataa.

Hapa ndipo karatasi ya kamati iliposema kwamba mnamo 1998 marehemu alimpoteza baba yake mpendwa, nukta. Mdogo wake anaomba aseme zaidi. Tarehe 20 Agosti 1998 mzee, akiwa kitandani na ugonjwa wa moyo, alimwita, akampa joho limefungwa kwa karatasi ya kaki na kamba ya katani, akamwambia, "Mpelekee dada yako. Mwambie kola imechoka, aigeuze, upande uliolika ufichike. Nataka kuzikwa nalo. Na mwambie uzi niliuona siku ya kwanza." Ulikuwa ni ujumbe mfupi, angeweza kuubeba hata mtoto.

Alifika mtaa wa stesheni saa nne asubuhi akakuta paroko yuko katikati ya chumba anapimwa mabega, kina mama wawili wa Kikatoliki wako kwenye benchi, na wote wakageuka kumtazama, katibu wa baraza la wazee wa Kiprotestanti, mgombea wa uenyekiti katika uchaguzi wa mwezi ule, aliyezoea kuingia kwa mlango wa nyuma na siku hiyo akausahau. Aliona jinsi itakavyosimuliwa jioni hiyo pande zote mbili za barabara, kwamba mchungaji amempigia magoti fundi wa mapadre. Aliweka kifurushi juu ya meza ya kukatia, akasema, "Baba amerudisha hili," akatoka. Alijiambia njiani kwamba dada atakifungua, ataiona kola, ataelewa, na yeye atarudi kesho kumwambia mengine, na uenyekiti aliupata.

Marehemu hakukifungua, kwa sababu alikwisha kuelewa alichoelewa. Mzee aliuliza habari za joho lake mara nne, na mara nne mtoto wake wa kiume alimjibu kwamba bado, fundi ana kazi nyingi, mpaka mara ya tano mzee hakuuliza tena, akageukia ukuta, na tarehe 9 Novemba 1998 alifariki akiamini kwamba binti yake amekataa. Walimzika na suti. Marehemu alikuja mazikoni, akasimama nje ya uzio kwa kuwa jina lake halikuwa kwenye daftari, akaliona jeneza lilipofunguliwa, akaiona suti, naye pia akaondoka akiamini.

Mnaweza kuuliza kwa nini hakuambiwa baadaye. Mwaka wa kwanza ilikuwa ni aibu, mwaka wa pili ilikuwa ni aibu na mwaka mmoja, na hivyo hivyo, na kwa miaka ishirini mdogo wake alipita dukani kila mwezi, akanywa chai, akashonewa mashati bila malipo, na kila shati lilikuwa na uzi wa buluu ndani ya kola.

Mume wa marehemu alifariki tarehe 3 Julai 2007, akazikwa katika makaburi ya parokia, nafasi moja ikiachwa wazi pembeni yake. Marehemu aliendelea kushona hadi macho yalipofifia mwaka 2016, na tangu Machi 2018 alisumbuliwa na figo, akilazwa na kuruhusiwa katika hospitali kuu, wodi ya wanawake, kitanda cha kumi na moja, chini ya dirisha. Tarehe 18 Februari 2019 mdogo wake alikwenda ameazimia kusema. Alikaa. Marehemu akauliza kwa upole, "Kwani baba alikasirika sana? Kwa kuwa nilimshonea?" Jibu lilikuwa tayari mdomoni, limengoja miaka ishirini, na mdogo wake, sasa mwenye mvi, mwenyekiti mstaafu, aliinama akamtengenezea shuka miguuni, akasema, "Yamepita hayo, dada." Marehemu akasema, "Haya." Alifariki siku tatu baadaye, tarehe 21 Februari, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Juzi watoto wake walifungua sanduku lake la bati na kukuta kifurushi, kamba ya katani ikiwa na fundo lilelile la mkono wa mzee. Kola ilikuwa imelika mpaka kitambaa cha ndani. Mshono wa buluu ulikuwa umekatika kwa uchakavu, na pembeni yake ulikuwepo mwingine, wa uzi wa buluu usiolingana, mnene, umepindapinda, umeshonwa na mtu ambaye hakuwahi kushika sindano maishani mwake, ili joho lisije likapoteza alama ya kwao.

Familia iliomba marehemu alazwe pembeni ya mumewe, kamati ya makaburi ya parokia ikajibu kwa heshima kwamba hayumo kwenye orodha, iliomba alazwe pembeni ya baba yake, baraza la wazee likajibu kwa heshima kwamba jina lilikatwa na halijawahi kurudishwa, na mdogo wake alilitafuta daftari, akaukuta wino wa 1973, na akakumbuka kwamba kwa miaka kumi na minne ya ukatibu na uenyekiti kalamu ilikuwa mkononi mwake. Ndiyo maana tuko hapa kwenye makaburi ya umma, na hakuna padre wala mchungaji mbele yenu, na kwa kuwa hakuna kanisa lililomchukua, hakukuwa na wa kutukataza kumvika joho la baba yake. Amelala nalo. Kola haijageuzwa, kwa sababu mtu pekee aliyeweza kazi hiyo ndiye aliyelivaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali kuu kwa uvumilivu wao, majirani wa mtaa wa stesheni waliokesha naye kwa zamu, mafundi wenzake waliofunga vyerehani leo, jumuiya ya Wakatoliki kwa maturubai na kwaya ya Waprotestanti kwa viti, na wote mliokuja mkiwa mmevaa kazi ya mikono yake.

Dada, baba alikuwa anajua. Hakukasirika, alikungoja, na mimi ndiye niliyenyamaza. Nimekuambia sasa, mbele ya watu wote niliowaogopa, na hunisikii. Pumzika kwa amani, ile niliyokunyima.