Chupa ya Kizibo cha Bluu

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili, hapa Ilemela, chini kidogo ya uwanja wa mpira, mahali njia inapoteremka kuelekea ziwani. Kuanzia saa tatu asubuhi nauza kahawa hapo, na wanaokaa ni walewale. Nestory ana bodaboda, lakini anaitwa Marudio kwa sababu jambo likishapita yeye anataka lirudiwe polepole. Abubakary aliwahi kuwa mlinzi wa zahanati miezi saba, basi mpaka leo ni Dokta. Na Mzee Luhende, nahodha wa maveterani, mtu wa kofia kichwani siku zote, ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha kubadilishia nguo, ndiye aliyepigilia misumari ukutani, kila mchezaji na wake, wazee wa mpira na sisi wanawake wa netiboli tunapokezana humo. Jana katika chumba hicho ilipotea chupa ya maziwa ya mama. Leo wanawake wamegoma kufanya mazoezi, chumba hakijafunguliwa, na benchi linatafuta mwizi. Chupa ilikuwa yangu. Nahodha wetu Rebeka anajua, lakini nilimwomba asinitaje, na hapa ninamimina kahawa nyingine nje ya kikombe.

Niseme upesi ilivyokuwa. Mwanangu Obedi ana miezi minne, kliniki walisema asipewe kitu kingine chochote, hata maji. Sasa huwezi kuruka kufunga goli kifua kimejaa, kinauma mpaka kwapani, kwa hiyo nakamua kabla ya mazoezi, natia kwenye chupa safi ya nusu lita, naiweka kwenye ufa wa jiwe. Ukuta wa nyuma wa chumba kile ni jiwe lenyewe, na ndani ya ufa wake kuna baridi hata jua likiwa kali. Saa tatu wifi yangu Sabina hupitisha mkono dirishani, anachukua, anampelekea mtoto, mimi naendelea na kahawa. Jana amepitisha mkono, ufa mtupu. Mimi nilikuwa nimepitiliza sokoni Mkuyuni kununua buni, simu imezima, nikafika nyumbani saa nane. Mama mkwe hakunigombeza, na hicho ndicho kilichonitisha. Aliuliza tu, mtu mzima anachukua maziwa ya mtoto anayataka ya nini? Akasema mpaka ajue yalikokwenda, mimi kwenye mpira sirudi, na safari ya Magu ya Jumamosi nisahau. Jumamosi mfungaji ni mimi, hakuna mwingine. Na leo asubuhi nimekamua yametoka matone. Nimejaribu tena, matone. Mama mkwe ameona, akaangalia pembeni.

Basi nawasikiliza hawa. Labda katika maneno yao yote kutakuwa na moja la kweli la kupeleka nyumbani.

Marudio: Turudi nyuma kidogo. Saa moja wanawake wameingia, wamebadilisha nguo, wametoka. Saa moja na nusu mmeingia maveterani. Mlikuwa wangapi?

Luhende: Sita. Wengine magoti.

Marudio: Saa tatu chupa haipo. Hapo katikati nani kaingia?

Luhende: Haingii mtu. Ufunguo ninao mimi.

Dokta: Basi mwizi yumo kwenye hao sita. Hesabu ndogo sana hiyo, Mzee.

Luhende: Abubakary, chunga mdomo wako. Chumba kile kina sheria. Kilichoko kwenye msumari kina mwenyewe, hata kama ni soksi yenye tundu. Salehe, mwenzetu wa timu, alifiwa, akaacha saa yake pale siku nane. Alirudi akaikuta, na mtu kaifuta vumbi.

Marudio: Nani aliifuta?

Luhende: Mimi. Unataka nirudie?

Dokta: Mzee, usikasirike. Mimi naongea kitaalamu. Haya maziwa yana soko. Vijana wa kunyanyua vyuma wanayatafuta sana. Wanakunywa kikombe asubuhi, kikombe jioni, mkono unakuwa kama paja.

Marudio: Wewe umeona wapi?

Dokta: Zahanati.

Marudio: Zahanati ulikuwa unafungua geti.

Dokta: Na getini ndipo wanapopita wote.

Nikampa Marudio kikombe chake. Kilijaa mpaka kikafurika, akakishika kwa chini kunisaidia. Wote hawa wanajua nina mtoto. Walichangia hata sabuni nilipojifungua. Ila wamesahau kwamba mtoto hunyonya.

Marudio: Mimi nasema ni watu wa Magu. Jumamosi wanacheza na wasichana wetu, sio? Wamemtuma mtu. Maziwa yanakwenda kupakwa kwenye ringi ya goli, mpira wa mfungaji wetu ukifika, unakataa kuingia.

Dokta: Unakataaje? Mpira una akili?

Marudio: Siku ile tumefungwa na Buswelu, mpira ulizunguka ringi mara tatu ukatoka. Nikausogeza mkanda nyuma kwenye simu. Mara tatu, Dokta.

Dokta: Basi kama ni hivyo, hawapaki ringi. Hiyo kazi ndogo. Wanayapeleka visiwani huko kwa mtaalamu, yanafukiwa kwenye mchanga karibu na maji. Yakikauka kule, huku mwenyewe naye anakauka. Mtoto anabaki anavuta hewa.

Kahawa ikamwagikia suruali ya Dokta, karibu nusu birika. Akaruka, akapangusa, akanitazama.

– Dada Beti, leo una nini wewe?

– Birika limenichoma, nikasema.

Luhende: Abubakary, hayo maneno yaache. Mwenye maziwa anaweza kuwa anapita njia hii, akakusikia, halafu alale vipi? Yule mama ana mtoto anamlea. Ungekuwa unatafuta kitu cha mwenzio kimepotea, ungemsaidia kukitafuta. Humtishi.

Dokta: Nilikuwa natoa maelezo tu, Mzee.

Luhende: Toa mengine.

Nilitaka kumwambia Mzee Luhende asante, nikaona nikifungua mdomo nitalia, nikaanza kupanga kashata upya kwenye sinia, na zilikuwa zimepangika.

Marudio akabadilisha mambo. Alisema jana alipita uwanjani maveterani wakiwa wanamalizia, akapewa kikombe cha chai, na chai ilikuwa tamu, hata sukari hakuongeza.

Dokta: Kweli. Mimi pia nilipita pale, nilikunywa viwili.

Luhende: Tamu wapi? Ile chai ilikuwa nyepesi kama maji ya kuoshea mchele. Ngosha ameanza mchezo. Maziwa anatia maji. Nimemimina chupa nzima kwenye sufuria, chai inanikodolea macho, haibadiliki rangi. Nimewaambia watu wote, mpaka mama wa maandazi, Ngosha sio yule wa zamani.

Hajamaliza vizuri, Ngosha mwenyewe huyo anashuka na baiskeli. Huyu ndiye anayetuletea maziwa ya ng'ombe kutoka Kisesa, madumu mawili nyuma, kofia ya sufu hata kukiwa na joto. Hakai kijiweni hata siku moja, anasema benchi letu linakula muda wa watu. Leo aliegemeza baiskeli kwenye jiwe akasimama mbele yetu.

– Mwangaluka, akatusalimu kwa Kisukuma.

– Mwangaluka, wakaitikia wote, chini chini.

Ngosha: Mzee Luhende, shikamoo.

Luhende: Marahaba.

Ngosha: Nimepita kwa mama wa maandazi, kanikatalia lita mbili. Kasema umesema natia maji.

Luhende: Nimesema. Na ninasema tena mbele yako. Maziwa ya jana yalikuwa maji.

Ngosha: Ya jana yapi?

Luhende: Uliyoweka kwenye ufa. Kila siku unapitisha mkono dirishani, unaweka kwenye ufa, mimi nachukua natia kwenye chai. Au umesahau kazi yako?

Ngosha hakubishana. Alikwenda kwenye baiskeli, akachomoa chupa ya nusu lita kwenye mfuko, akaja nayo. Kizibo chake chekundu. Akaipindua, kilichomo ndani hakikutiririka, kilishuka polepole kama kipande cha uji uliolala, na juu yake maji ya kijani.

Ngosha: Jana nilipata pancha pale Nyamhongolo. Nilifika saa nne mmeshaondoka. Nikapitisha mkono, nikaweka, nikasema mtayakuta kesho. Leo nimepitisha mkono, chupa iko vilevile, imeganda, hakuna aliyeigusa. Sasa Mzee, nakuuliza kwa heshima. Kama maziwa yangu ya jana ni haya, nyie mlitia nini kwenye chai?

Dokta aliangalia ndani ya kikombe chake, na ile ni kahawa nyeusi. Marudio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuomba jambo lirudiwe.

Mzee Luhende ndiye aliyeanza kusema, tena kama anajisemea mwenyewe.

Luhende: Kizibo kilikuwa cha bluu.

Ngosha: Changu chekundu. Miaka yote chekundu.

Luhende: Nilipapasa mbele sikuikuta yako, nikaingiza mkono ndani zaidi, nikadhani umebadilisha. Nikasema Ngosha kapata vizibo vya bluu. Ufa ule ni wa timu. Maji ya timu, ndimu za timu, maziwa ya timu. Hakuna anayeweka kitu chake kwenye ufa. Kila mtu anajua.

– Sisi hatukuambiwa.

Nilisikia sauti, nikajua ni yangu. Wote wakageuka, na nikishaanza mimi sijui kusimama.

– Hatukuambiwa, Mzee. Sisi tumekuja mwezi wa pili tu huu, tulionyeshwa misumari, mkasema kilichoko msumarini kina mwenyewe, sawa, na mimi siku ya kwanza nilitundika msumarini, jua likapiga bati, nikarudi nikayakuta yanavuta harufu, ndio nikaona ufa una baridi, nikasukumiza ndani, nikashukuru, nikajua hakuna atakayegusa kwa sababu chumba chenu kinasifiwa, mtu anaacha saa siku nane. Sikuandika jina. Ningeandika nini, niandike maziwa yangu, maveterani wasome? Ni ya Obedi. Mama mkwe anasema yamechukuliwa kwa ubaya, na leo hayatoki, Mzee, tangu jana nimeogopa hayatoki, na Dokta anasema yamefukiwa kwenye mchanga.

Dokta alisimama. Nadhani hakujua amesimama ili aende wapi.

Dokta: Vikombe viwili, akasema. Beti. Nilikunywa vikombe viwili.

Marudio: Mimi kimoja.

Mzee Luhende aliweka kikombe chake chini taratibu, akahakikisha kimekaa.

Luhende: Mtoto alikunywa nini?

– Maji ya sukari.

Luhende: Mpaka saa nane.

– Mpaka saa nane.

Luhende: Tumbo je?

– Lilimvuruga jana. Leo limetulia.

Akatikisa kichwa mara nyingi. Kwenye benchi hapakuwa na mtu aliyenicheka. Na mimi nikawa nafikiria tu, yako kwenye matumbo ya wazee sita na Marudio na Dokta. Hayakwenda kisiwani wala Magu. Yamechemshwa na majani ya chai na tangawizi, yamenywewa, yamelalamikiwa kuwa mepesi. Nikahisi kifua kinavuta, kinavuta kweli kama Obedi anapolia chumba cha pili, na mbele ya gauni pakalowa upande mmoja, halafu wa pili. Nikachukua khanga ya kufunikia sinia nikajifunika. Sikuona aibu. Nilitamani mama mkwe awepo aone.

Luhende: Ngosha.

Ngosha: Naam.

Luhende: Hutii maji. Nimekukosea. Nitarudi kwa mama wa maandazi nimwambie mwenyewe.

Ngosha: Haya yameisha, Mzee.

Luhende: Mama mkwe wako anakaa wapi, binti?

– Kule juu, nyumba yenye mabati mekundu, ukishapita yale mawe matatu yaliyobebana.

Marudio: Mzee, unataka kwenda? Leo? Si umwachie Rebeka, mambo ya wanawake haya.

Luhende: Rebeka alikunywa?

Marudio: Hapana.

Luhende: Basi.

Marudio: Sasa ukifika utaanzaje?

Luhende: Nitaanza na salamu.

Marudio: Halafu?

Mzee Luhende akamtazama Dokta, Dokta akamtazama Ngosha, Ngosha akaangalia gurudumu la baiskeli yake kama lina pancha nyingine. Hakuna aliyekuwa na sentensi ya pili.

Basi akainuka hivyohivyo bila sentensi. Dokta akamfuata kwa sababu ya vikombe viwili, Marudio naye akafuata kwa sababu ya kimoja, bodaboda akaiacha. Ngosha asiyekaa kijiweni akakaa, akanipokea birika, akasema nenda, kahawa nitaimimina mimi. Nikawafuata kwa nyuma, nimeshika khanga kifuani, natembea haraka maana sasa nilikuwa nimejaa na mtoto yuko juu kule. Walipanda kwa mstari mmoja, Mzee akiwa mbele. Kofia yake alikuwa ameshaivua, na nyumba bado ilikuwa mbali.