Namba Isiyo na Baba

Katika tuktuk ya kwenda Shieywe, Dorothy, mwalimu ambaye kila mwaka husahihisha mitihani ya kidato cha nne, alijifanya anatazama barabara. Kando yake, kijana mwenye tai alikuwa akimwambia mama aliyepakata kuku, "Mtihani wa mwisho ufutwe. Walimu wanajuanga watoto wao, wawape alama wenyewe."

"Hiyo ndiyo shida, mwanangu. Mtoto wangu walimjua ni wa mkata miwa, wakamkalisha nyuma miaka minne. Msahihishaji aliona namba ya mtihani tu, akampa A."

"Na walioanguka je, mama?" Kijana alikaza tai, kana kwamba ingemsaidia kushinda hoja.

Tuktuk ikasimama. Dorothy akashuka kumpisha mama na kuku wake, kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa mwalimu mkuu yeyote.