Pamba Niliyomtia Ajuza

Bismillahi. Kaeni, kaeni nyote, nawe Mama liache hilo birika lichemke lenyewe, na Ruba funga dirisha la uani, maana jirani naye ana masikio na mimi leo sina sauti ya kugawa hadi kwake. Najua wosia hutolewa na mzee mwenye mvi na mkongojo, na mimi Fadhil bin Nabhan nina miaka ishirini na tisa, meno yote mdomoni, na kwa sura hakuna wa kunipita hapa Wiyoni. Lakini baba hayupo, mkubwa wa nyumba hii ni mimi, na mtu anayekwenda kupasuliwa koo Jumatatu hana budi kuyasema ya kwake kabla ya kupanda boti. Basi nisikilizeni kama mngemsikiliza mzee, hata kama mnataka kucheka. Ruba, nimekuona.

Kwanza niwape la kheri. Jana daktari wa Mombasa alinipigia simu: kile kipande walichokikata wiki tatu zilizopita wakakipeleka kupimwa kimerudi safi, si ule ugonjwa ambao humu ndani tulikuwa hatuutaji jina. Ni kinyama tu, kimeota pale pale sauti inapopita. Nilikata simu nikakaa juu ya ndoo ya oili chafu gerejini nikalia mpaka kamasi, na yule mteja aliyekuwa akingoja pancha yake akadhani nimefiwa. Alhamdulillahi, na mara mia alhamdulillahi. Ila kinyama lazima kitolewe, na daktari, ambaye ni mkweli kuliko mimi, amesema baada ya hapo nitanyamaza mwezi mzima, na sauti ikirudi huenda ikarudi nyingine, na huenda isirudi kabisa. Fadhil bila sauti! Hamdu, wewe ungelipa kiingilio. Hata sasa kaniambia nisiseme sana, ndiyo maana Mama ananitolea macho hivyo. Nitanyamaa, Mama, nitanyamaa mpaka uniombe niseme. Lakini si leo, kwa sababu leo nina nadhiri shingoni. Zile wiki tatu za kungoja majibu nilimwambia Mola wangu kila alfajiri: ukinisalimisha na hili, lile nitalisema. Amenisalimisha.

Tuanze na mali, isituchukulie muda maana yenyewe si nyingi. Nimemuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani akaniambia mrithi hausiwi, sheria imekwisha kumgawia. Basi ninachowapa leo nawapa nikiwa hai, kwa mkono wangu, ni hiba. Ruba, dada yangu, ile simu kubwa ni yako, ila niachie mpaka kesho nifute picha. Usiulize picha gani. Mama, akiba yote iliyo kwenye kopo la maziwa ni yako, na usimkopeshe mjomba. Hamdu, ndugu yangu, gereji ni yako. Meza, pampu ya upepo, spana zote, na Ajuza.

Usiinamishe kichwa. Najua hujashika spana miaka mitatu. Hiyo ndiyo habari yenyewe, nami nataka uisikie ukinitazama.

Mnakumbuka Ajuza alivyokuja humu, pikipiki nyekundu yenye umri kunishinda mimi, baba akaipakia kwenye boti kutoka Mokowe akaishika kwa mikono miwili ndia nzima kama bibi harusi. Baba alikuwa fundi wa kalafati, maisha yake yote amesukumia pamba yenye mafuta kati ya mbao za vyombo ili maji yasipate pa kupenya, na sheria aliyotufundisha ilikuwa moja na fupi: "Ikivuya, ziba." Kwa chombo, ni kweli tupu. Nami mwana wa kalafati nikaibeba sheria ile mzima mzima nikaingia nayo kwenye injini.

Miaka mitatu iliyopita Ajuza alikuwa akivuja oili hata paka wa mtaa wakawa na nyayo nyeusi. Hamdu, wewe ulifanya kazi kama fundi, na sikupata kukwambia. Uliiosha injini kwa petroli na mswaki hadi ikang'aa, ukaikausha, ukaipaka poda ya mtoto kote, ukaiwasha, kisha ukachuchumaa unatazama poda italowa wapi kwanza. Mimi nilikwenda steji nikawaambia bodaboda wote, njooni mwone, ndugu yangu anamremba Ajuza anampeleka harusini! Wakacheka hadi mmoja akaangusha chai. Lakini poda ilikuonyesha: oili ilitoka kwenye kava ya klachi. Ukaifungua, ukakwangua gasketi ya zamani, ile karatasi inayozibia kati ya chuma na chuma, kwa kipande cha mti na si kwa bisibisi, ili chuma kisipate mkwaruzo, ukakata mpya, ukakaza boliti kwa kuvukisha, huku kidogo na kule kidogo, kama mtu anayefunga mtoto nepi. Ikakauka. Na mimi ikanichoma, wallahi, kwa sababu mdogo wangu amefanya mchana mmoja kazi niliyojisifu miezi mitatu kwamba naiweza kwa mkono mmoja.

Likabaki tone moja tu, la ule mpira mwembamba unaoning'inia nyuma ya injini. Nikasema, hili ni langu. Nikachukua pamba kwenye kikapu cha baba, nikaisokota, nikaichovya mafuta, nikaishindilia ndani ya mpira kwa bisibisi, nikafunga na waya juu. Mnajua nilivyofanya baada ya hapo? Nilimwegesha Ajuza steji juu ya karatasi nyeupe, nikatangaza, likianguka tone moja nanyoa nyusi. Halikuanguka. Baba akanipiga bega mbele za watu. Siku tatu nilitembea Wiyoni kama mwenye mji.

Sasa sikiliza, Hamdu, na hili ulishike hata kama hutashika lingine lolote langu. Mpira ule si wa kuvujia, ni wa kupumulia. Pistoni ikishuka husukuma hewa ndani ya tumbo la injini, na hewa ile lazima itoke; ukiiziba pua, itatafuta pengine, itaisukuma oili mbele yake kwenye kila sili, zile pete za mpira, na kila gasketi, nzima na kuukuu. Mimi sikulijua. Nilikuwa nimeacha shule darasa la saba nikijua kila kitu, kasoro hilo.

Siku ya nne hewa ikaing'oa sili iliyo nyuma ya mnyororo, oili ikarukia tairi la nyuma. Nawe Hamdu ulikuwa unamrudisha Mama kutoka zahanati, mwendo wa pole, kwa sababu hujawahi kuendesha mwendo mwingine. Kwenye kona ya kisima tairi likateleza kama limekanyaga ganda la embe. Mkono ule unaoushika sasa hivi, Mama, ndio uliovunjika.

Ngojeni. Maji kidogo. Ahsante, Ruba.

Alasiri ile ile nilimkokota Ajuza gerejini, nikamwasha, oili ikitiririka pande zote. Nikafungua ule waya, nikaichomoa pamba. Moshi ukatoka, puu, kama mtu aliyeachiwa koo, na oili ikapungua mbele ya macho yangu. Hapo nikajua. Kabla sijasimama wakaingia watu wa steji, na baba yuko kati yao, wanauliza imekuwaje. Pamba ilikuwa kiganjani. Nikaitia mfukoni nikasema, "Ni gasketi ya Hamdu."

Basi. Maneno manne. Nikatia sili mpya, Ajuza akakauka, nikasifiwa kwa kutengeneza nilichokiharibu mimi mwenyewe. Na wewe hukubisha, kwa kuwa uliamini. Ulizipanga spana zako juu ya kitambaa, ukavuka kwenda Ras Kitau, na miaka mitatu sasa unasugua maboti ya hoteli ukiwa na mikono ambayo kisiwa hiki hakina mfano wake. Baba alikufa akisema Hamdu asiguse injini ya mtu, nami nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake, nikaitikia, "Ndiyo, baba." Hilo siwezi kulifungua tena. Nimeliomba msamaha kaburini kwake, lakini kaburi halijibu.

Na kule steji, mnajua wenyewe. Mpaka leo kitu kikilegea, hata mlango, hata ndoa ya mtu, husema hiyo ni gasketi ya Hamdu. Jina lile nililitunga mimi, na kila likisemwa hucheka nao, tena hucheka zaidi yao.

Piga, Mama. Piga tena, huo mkono mwingine ndio wenye nguvu. "Miaka mitatu waniona naukanda mkono, nawe wanyamaa?" Naam, Mama. Na mafuta ya kukandia nilikuwa nikikununulia mimi, ya chupa kubwa, nikidhani nalipa. Piga, wala usinihurumie kwa sababu ya koo; koo liko mbele, we nipige nyuma. Haya. Unalia na kucheka pamoja, hata sijui nishike lipi. Nihalalishie, Mama. Siendi kulazwa kwa dawa ya usingizi na deni la mkono wako juu yangu.

Umenisamehe? Allah akuzidishie. Mmeona jinsi nilivyo mwepesi? Ningeweza kuogelea hadi Manda.

Niwausie upesi maana koo linakwaruza. Hamdu, ukiikubali gereji, mteja akikuletea injini inayotoa oili kila mahali kwa mpigo, usikimbilie gasketi. Kwanza tazama kama inapumua. Usijaze silikoni kama unapaka mkate siagi, ile inayobanwa ndani hukatika na kuziba njia ya oili, na silikoni nyingi ni alama ya fundi mwongo, nami najua ninachosema. Boliti ya kumwagia oili usiikaze kwa hasira. Mteja akikuuliza umeharibu nini, mwambie. Ruba, usiolewe na mtu anayejisifu sana. Cheka, cheka tu. Mama, dawa zako za asubuhi ziko kwa Ruba, si kwa mjomba. Na nikifa huko, kwa sababu mauti hayajali kuwa majibu yamekuja safi, nileteni nizikwe hapa, msinitangaze sana, na yeyote atakayesimama kunisifu mwambieni nimekataza.

Hamdu, naona midomo ikicheza.

Umesema nini? Inua sauti, leo asiyesikika ni mimi, usininyang'anye kazi.

"Humu ndani hukunivunjia jina. Ulinivunjia steji."

...Kweli.

Kweli kabisa, ndugu yangu. Mimi nimefunga dirisha nikajiona shujaa, nimeungama mbele ya watu watatu wanaonipenda. Nilidhani Ruba atawasomea watu wa steji Ijumaa, nimemwandikia hata karatasi. Lakini uongo niliwaambia kwa mdomo huu. Saa hizi wako pale wote, alasiri wanangoja abiria, na yule wa chai yupo, na wale walioiona karatasi nyeupe wapo.

Hapana, Mama, usinizuie kwenda. Daktari kasema nisiseme sana, sitasema sana. Ni maneno machache tu, na nimebakiza ya kutosha, nafikiri... nafikiri yatafika. Yakikatika katikati, Hamdu, usinisaidie. Niache hivyo hivyo nihangaike, nitawaonyesha kwa mikono, nitachora chini, hata kama wote watacheka. Wacheke. Watakuwa wananicheka mimi.

Njooni karibu, sauti inakwenda. Mola awaweke. Mama, akupe umri na afya na mkono usiouma. Ruba, akupe... akupe heri na mume mkimya. Hamdu, akufungulie riziki katika mikono yako hiyo, na kila utakachokigusa kikauke. Nami mnisamehe, mliyoyasikia na yale... yale yatakayonirudia nikiwa sina mdomo wa kuyasema. Amin. Semeni amin.

Viatu vyangu.

Usinishike, naweza. Wewe tangulia, Hamdu... Leo nitatembea nyuma yako.