Khamphong Phimsan, Aliyesoma Hadi Nyumba ya Mwisho

Waheshimiwa watawa, ndugu na majirani wa Nong Sai Thong, kabla hatujamkabidhi kaka yangu kwa moto, familia imenituma niwasomee maisha yake, na kwa kuwa yeye hakuvumilia tangazo lenye tarehe ya kubahatisha, zote nimezihakiki kwenye karatasi zake.

Khamphong alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 hapa kijijini, mtoto wa kwanza kati ya watano wa mzee Suai na mama Kongma, wakulima wa mpunga. Alisoma shule ya hekalu kuanzia mwaka 1958 hadi 1962, kisha sekondari ya wilayani, ambako alimaliza Machi 1968, akiwa mtu wa kwanza wa ukoo wetu kufika huko. Tarehe 1 Oktoba 1976 aliajiriwa kuwa karani wilayani, na tarehe 9 Aprili 1979 alimwoa Sangwan, mfumaji hariri, wazee wakawafunga nyuzi nyeupe za baraka mikononi katika ua huu huu. Walijaliwa watoto wawili, Wilai, aliyezaliwa mwaka 1980, na Prachuap, aliyezaliwa mwaka 1989.

Mwaka 1995 halmashauri ya kata yetu ilipoanzishwa, alihamishiwa huku kuwa karani wake, akabandika matangazo ubaoni, na kila siku saa kumi na mbili asubuhi akayasoma kwenye kipaza sauti cha mnarani, kwa lugha ile ile ya serikali aliyoyakuta nayo.

Tarehe 12 Februari 1996 alisoma tangazo kwamba msitu wa Khok Yao utachimbwa kifusi cha barabara, na mwenye pingamizi alilete ndani ya siku thelathini. Msitu huo ndio uliotupa uyoga na mayai ya sisimizi, lakini tangazo liliuita eneo la rasilimali ardhi lisiloendelezwa, watu wakalisikia na kuendelea kuvukisha wali wao. Hakuja hata mmoja, na siku ya thelathini na moja makatapila yakaingia.

Bibi Phaeng, aliyekaa nyumba ya mwisho, kule ng'ambo ya mfereji, alikuja hadi chini ya mnara na kikapu kitupu, akamwambia, "Khamphong, mwanangu, hivi siku ile ulisoma nini? Kwetu sauti inafika vipande vipande, na hivyo vipande nilidhani ni hotuba za wakubwa." Kaka alimjibu kwamba alisoma kila neno. Bibi akasema, "Basi umesomea kunguru," akaenda zake.

Sangwan ametuambia kwamba kwa siku tatu mumewe hakula sawasawa. Siku ya nne alipanda mnarani, akasoma tangazo la chanjo ya ng'ombe kama lilivyoandikwa, halafu akalisoma tena kwa maneno ya jikoni kwetu, kisha akachukua baiskeli, akavuka mfereji na kulisoma mara ya tatu mlangoni kwa Bibi Phaeng. Alifanya hivyo kila siku ya tangazo kwa miaka kumi na mitano, mvua na jua, na bibi alipofariki mwaka 2004 alimsomea mjukuu wake, Chaem.

Mwezi Mei 2009 halmashauri ilipanga kufukia bwawa letu na kuweka dampo la kata. Mwenyekiti wa wakati huo, Bw. Wichian, ambaye yuko nasi hapa mstari wa mbele na ameniruhusu kuyasema haya, alimwita ofisini akamwambia, "Ndugu Khamphong, hili lisipande mnarani. Limebandikwa ubaoni, sheria imetosha." Kaka akamjibu, "Mheshimiwa, mpaka sasa waliolisoma ni mijusi." Aliambiwa achague kati ya mnara na kazi yake, huku Prachuap akiwa chuoni mwaka wa pili, akaomba ruhusa, akapanda mnarani.

Alilisoma asubuhi saba mfululizo, ramani, vipimo na siku ya mwisho ya pingamizi. Mimi nilikuwepo asubuhi ya kwanza, nikasikia jambo ambalo sijalisikia tena, michi ikinyamaza vinuni nyumba baada ya nyumba, kuanzia mnarani hadi mferejini, mpaka ikabaki sauti yake peke yake juu ya kijiji kizima, na watu wamesimama na miiko mikononi. Tarehe 17 Juni watu mia tatu na kumi na mbili walijaa uwanja wa shule, wengi wakiweka dole gumba pale penye sahihi, na mpango ukaondolewa. Bwawa lipo, na samaki mliowala jana kwenye matanga wametoka humo. Kazi hakufukuzwa, na mwezi uliofuata Bw. Wichian mwenyewe alipendekeza kanuni inayotumika hadi leo, kwamba siku za pingamizi zianze kuhesabiwa pale tu nyumba ya mwisho inapokuwa imesomewa.

Alistaafu tarehe 30 Septemba 2011, Wilai akarithi mnara. Mwaka 2020 figo zake zilishindwa, na minong'ono ilipoanza kwamba amerogwa, alimwagiza binti yake atangaze ugonjwa kwa jina lake, ikatangazwa figo. Alifariki nyumbani tarehe 22 Novemba 2023, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu mara tatu kila wiki, majirani waliompeleka kwa zamu bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake wa halmashauri.

Asubuhi ile Wilai alisoma tangazo la kifo cha baba yake mara mbili, kisha akachukua baiskeli, akavuka mfereji. Chaem alikuwa amesimama langoni, analia. Wilai akamwuliza, "Umeshasikia, dada?" Chaem akasema, "Nimesikia yote, leo upepo umeleta. Lakini nisomee, baba yako asingekubali." Akamsomea.

Kaka, nyumba ya mwisho imesomewa. Sasa pumzika, na amani iwe nawe.